WITCH: bendi ni watu au ni jina?

Leo naomba tuweke pembeni bei ya mahindi na vikao vya halmashauri, tuongelee muziki wa rock. Najua wapo watakaocheka: mtu wa Sumbawanga na rock wapi na wapi? Subirini kidogo.

Wenyeji wa mji huu wanalieleza jina lake hivi: sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Yaani ukija kwetu, uchawi wako utupe huko nje ndipo uingie. (Watu wa Dar hupenda kutuelewa kinyume, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.) Sasa ukitoka hapa mjini, ukapita Matai, ukavuka mpaka pale Kasesya, uko Zambia. Mji mkubwa wa kwanza utakaoukuta ni Mbala, ule ambao zamani za Mwingereza uliitwa Abercorn. Na nchi hiyo jirani ndiyo iliyotoa bendi ambayo kwangu mimi ni kali kuliko zote za rock zilizowahi kupiga gitaa upande huu wa Afrika, nayo ikajiita WITCH, mchawi. Wenyewe walisema ni herufi tu za maneno We Intend To Cause Havoc, tunakusudia kuleta vurugu. Vyovyote vile, kwa mji unaoitwa tupa-uchawi hao ni majirani wa kuchekesha.

Ninawaandika leo kwa sababu bendi hiyo iliyokufa miaka ya 80 imerudi jukwaani, na tangu irudi mashabiki wake hawaelewani. Wengine wanasema hii ni WITCH yenyewe. Wengine wanasema ni mzee mmoja na vijana wa Kizungu waliovaa jina la marehemu. Ubishi huu unanihusu kwa sababu sisi Watanzania tumeubishia miaka mingi kwa bendi zetu za dansi, na nadhani tuna cha kuwaambia hao wenzetu wa rock.

Kwanza historia kidogo, maana wengi wa rika letu hatukufundishwa.

Zambia ilipata uhuru mwaka 1964, na miaka ya mwanzo shaba ilikuwa inalipa. Miji ya migodini kama Kitwe, Ndola, Chingola na Mufulira ilikuwa na vijana wenye mishahara, umeme, na sahani za santuri kutoka Uingereza na Marekani. Watu wa huku kwetu waliijua njia ya kwenda huko. Wamambwe, ambao mpaka umewakata wakawa nusu Tanzania nusu Zambia, walikwenda migodini kufanya kazi vizazi na vizazi. Katika miji hiyo ndiko vijana walikosikia Rolling Stones, Deep Purple, Jimi Hendrix na James Brown, wakachukua magitaa ya umeme na kuyakwaruza mpaka sauti ikapasuka. Rais Kaunda naye alitaka redio ya taifa ipige zaidi muziki wa Wazambia, na bendi zikapata pa kusikika. Muziki huo baadaye ukaja kuitwa Zamrock. Mbali na WITCH walikuwepo Amanaz, Ngozi Family ya Paul Ngozi, na Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga, ambayo ilikaa na kurekodi Nairobi.

Linganisha na kwetu. Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam kwa hoja ya kulinda utamaduni. Sitaki kurahisisha mambo, maana vijana waliendelea kucheza na bendi za vijana zilikuwepo. Sunburst, kwa mfano, walipiga Dar rock na soul iliyochanganywa na ngoma za hapa nyumbani. Lakini angalia albamu yao ya 1976, Ave Africa: ilitoka Zambia.

Turudi kwa wachawi wetu. Kikosi kinachopendwa cha WITCH kilikuwa cha watu watano. Chris Mbewe alikuwa kwenye solo, John Muma kwenye rithimu, Gedeon Mulenga kwenye besi, Boidi Sinkala kwenye drams, na mbele akasimama mwimbaji Emmanuel Chanda. Huyu aliruka jukwaani kama Mick Jagger, watu wakamwita Jagari, na jina likaganda. Albamu ya kwanza, Introduction, ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 70 na husemwa kuwa ndiyo ya kwanza kurekodiwa na kuuzwa na bendi ya Zambia. Zikafuata In the Past, kisha Lazy Bones!! ya mwaka 1975, ambayo mimi naiweka juu ya zote. Isikilize usiku ukiwa na spika nzuri. Gitaa la Mbewe linaunguruma kama gari linalopanda Lyamba lya Mfipa kwa gia namba moja, huku Jagari akiimba kwa upole juu yake kama vile hasikii kelele zile.

Halafu mambo yakaharibika. Katikati ya miaka ya 70 bei ya shaba ilianguka na uchumi wa Zambia ukaanguka nayo. Amri za kutotembea usiku ziliua madansi, na bendi zikawa zinapiga mchana. Mwaka 1977 hivi Jagari aliondoka, akaenda kusomea muziki Lusaka katika chuo cha Evelyn Hone, akawa mwalimu. Baadaye aliingia kwenye machimbo ya vito. Bendi haikufa alipoondoka, na hapa naomba mkumbuke jambo hilo maana nitalirudia. WITCH iliendelea, ikamchukua mpiga kinanda kijana, Patrick Mwondela, ikageukia disko, ikatoa Movin' On mwaka 1980 na Kuomboka mwaka 1984. Kisha ukimya. Ukimwi ulipita katika wanamuziki wa Zambia kama moto wa nyika. Kufika miaka ya 2000, katika wale watano alikuwa amebaki Jagari peke yake.

Kurudi kwao kulianzia mbali. Kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ilitoa upya albamu zao mwanzoni mwa miaka ya 2010, na watoza santuri wa Ulaya na Marekani wakarukwa na akili. Mwitaliano Gio Arlotta akamfuata Jagari Zambia na kutengeneza filamu iliyotoka mwaka 2019. Kati ya hapo, kuanzia mwaka 2017, Jagari na Mwondela walipanda jukwaani Ulaya wakiwa na wapigaji wapya: Waholanzi Jacco Gardner kwenye besi na Nico Mauskovic kwenye drams, na magitaa mikononi mwa Wazungu wengine, akiwemo Mjerumani JJ Whitefield. Mwaka 2023 wakatoa Zango, albamu mpya ya kwanza tangu Kuomboka, yaani baada ya miaka 39. Mwaka 2025 ikafuata Sogolo.

Hapo ndipo ubishi ulipo. Kambi ya kwanza inasema WITCH ni wale watano. Gitaa lile lilikuwa vidole vya Mbewe, drams zile zilikuwa mkono wa Sinkala, na vidole havirithiwi. Wote hawa wamezikwa, basi na bendi imezikwa. Kinachozunguka Ulaya ni Jagari na wasindikizaji. Kambi ya pili inasema Jagari ndiye WITCH, sauti ni yake, sura ni yake, mengine ni vyombo.

Hii kambi ya pili ndiyo inayonichanganya zaidi. Kama Jagari ndiye WITCH, basi kile kilichopiga Movin' On na Kuomboka bila yeye kilikuwa nini? Na kama ile pia ilikuwa WITCH, kama lebo za santuri zinavyosema, basi bendi ilishathibitisha yenyewe kwamba inaweza kuishi bila mwimbaji wake. Huwezi kulitumia jina kumpa Jagari kila kitu halafu ukamwona Mwondela, aliyelibeba jina hilo wakati Jagari yuko darasani akifundisha, kuwa ni mgeni. Mimi nasema wale wawili pale mbele ni vipindi viwili vya bendi moja vilivyokutana, na vyote viwili vina haki ya kusimama pale.

Wadau wa dansi mtanielewa haraka. Marehemu Muhiddin Maalim Gurumo alianza kung'ara na NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoundwa mwaka 1964. Mwaka 1978 akaenda kuanzisha Mlimani Park. Mwaka 1985 yeye na wenzake kadhaa wakachukuliwa na Orchestra Safari Sound ya Hugo Kisima, na Mlimani ikabaki kama nyumba iliyong'olewa milango. Je, Sikinde ilikufa? Haikufa, waliingia wengine na watu wakaendelea kujaa. NUTA nayo ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma, na Gurumo akarudi huko mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2014. Shabiki wa Msondo hakuwahi kuuliza kama hii ni bendi "halisi". Alichouliza ni kama msondo wenyewe bado unapigwa.

Sababu ni kwamba bendi zetu zilikuwa na mwenye mali. Vyombo ni vya chama au shirika, jina ni la chama au shirika, mwanamuziki ni mwajiriwa. Akiondoka anaacha gitaa ofisini. Bendi za rock zinazaliwa na marafiki, kwa hiyo rafiki mmoja akifa watu wanaona ni familia imevunjika. Lakini hata huko kwao sheria hii hawaifuati. AC/DC walimzika Bon Scott mwaka 1980 na mwaka huohuo wakatoa Back in Black na Brian Johnson, na hakuna anayewadai cheti cha kuzaliwa. Kwa nini Mzambia ndiye adaiwe?

Kuhusu muziki wenyewe, wanaolalamika wana sehemu ya haki. Zango haina ule ukali wa Lazy Bones!!. Ni safi zaidi, kinanda kimepewa nafasi kubwa, kuna miondoko ya disko, na kuna sauti za wanawake, akiwemo Sampa the Great, msanii wa hip hop aliyezaliwa Ndola miaka mingi baada ya bendi kuvunja kambi. Anayetaka mkwaruzo wa mwaka 1975 atakatishwa tamaa. Lakini huyo anataka kumsikia mzee wa miaka sabini akijifanya kijana wa ishirini na nne. Mimi hilo sitaki. Napenda zaidi kwamba nyimbo mpya zinaingia kwenye lugha za Zambia kwa ujasiri, wakati albamu za mwanzo karibu zote ziliimbwa Kiingereza. Kasoro ninayoiona ni nyingine: baadhi ya nyimbo zinacheza salama mno, drams hazikosei, na bendi ya zamani ilikuwa tamu kwa sababu wakati wote ilionekana iko karibu kuanguka.

Na Wazungu? Sina tatizo na ngozi ya mpiga besi. Sunburst yetu ilichanganya watu wa nchi kadhaa na haikuwa dhambi. Ninachoshangaa ni kwamba kwa miaka mingi mtu aliweza kuinunua Lazy Bones!! Berlin kwa urahisi kuliko Kitwe. Waliohifadhi muziki huu walikuwa wageni, kwa hiyo wageni ndio waliokuwa wanajua nyimbo zote pale Jagari alipohitaji watu wa kumpigia. Kijana wa Kitwe, kama yule wa Sumbawanga, angejifunzia wapi solo za Mbewe?

Ndiyo maana napenda walivyofanya kwa Zango. Badala ya kurekodi Amsterdam ambako wapigaji wangefika kwa baiskeli, waliwapandisha ndege wote wakaenda Lusaka, studio ya DB, ileile ambayo WITCH ya Mwondela ilirekodi miaka ya 80. Jagari hakuwemo wakati ule. Safari hii aliingia na Mwondela, akasimama kwenye maiki.