Kitengo cha Kinga ya Moto cha Jiji la New York

Kitengo cha Kinga ya Moto ni tawi la Idara ya Zimamoto ya New York (FDNY) linaloshughulika na moto kabla haujawaka. Hukagua majengo, hupitia michoro ya mifumo ya ving'ora na ya kunyunyizia maji, hutoa vibali kwa wanaohifadhi mafuta, gesi na kemikali, na huwatahini watu wanaokabidhiwa usimamizi wa mitambo ya hatari. Wakaguzi wake wengi ni watumishi raia, si askari wa kupanda ngazi wala kushika mpira wa maji, na pengine ndiyo sababu watu wengi wa jiji hilo huwafahamu siku wanapoandikiwa kosa tu. Kilianzishwa mwaka 1911.

Chimbuko: moto wa Triangle

Jumamosi ya tarehe 25 Machi 1911, yapata saa kumi na dakika arobaini alasiri, moto ulishika kwenye pipa la vipande vya vitambaa chini ya meza ya wakataji, ghorofa ya nane ya jengo la Asch, karibu na uwanja wa Washington Square. Kiwanda cha blauzi cha Triangle kilikuwa kimepanga ghorofa tatu za juu za jengo hilo lenye ghorofa kumi, na kilikuwa na wafanyakazi wapatao 500, wengi wao wasichana wahamiaji wa Kiyahudi na Kiitalia. Walikuwa wanakaribia kutoka kazini.

Ghorofa ya kumi, zilikokuwa ofisi, ilipigiwa simu. Wenye kiwanda, Max Blanck na Isaac Harris, walikuwa huko, wakapanda paani na kuvukia jengo la jirani. Ghorofa ya tisa haikuambiwa kitu hadi moto ulipofika wenyewe. Mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa sababu wenye mali walitaka wafanyakazi wote watokee upande mmoja, mikoba yao ipekuliwe wasije wakaiba nguo. Ngazi ya chuma ya nje ilielemewa na uzito wa watu ikang'oka ukutani. Waendesha lifti walipanda na kushuka wakiokoa waliojazana humo, mpaka lifti zikashindwa kwenda. Magari ya zimamoto yalifika upesi, lakini ngazi yao ndefu iliishia ghorofa ya sita. Waliobaki waliruka kutoka madirishani, na nyavu za kuwadakia zilichanika. Katika muda usiotimia nusu saa walikufa watu 146.

Jengo lenyewe halikuanguka. Lilikuwa limesifiwa kuwa haliungui, na kweli kuta zake hazikuungua. Leo ni mali ya Chuo Kikuu cha New York, nalo huitwa Brown. Lilijengwa na ngazi mbili tu za ndani, ile ya chuma ya nje ikihesabiwa kuwa ya tatu, na wakubwa wa ujenzi wakaridhika. Halikuwa na mfumo wa kunyunyizia maji, ingawa teknolojia hiyo ilikuwepo tangu karne ya 19. Wenye kiwanda walishtakiwa kwa mauaji bila kukusudia, wakaachiwa huru Desemba 1911. Mwaka 1914 walilipa fidia ya dola 75 kwa kila marehemu katika kesi za madai, kiasi ambacho ni vigumu kukiandika bila kuona haya.

Mkuu wa askari wa zimamoto wa wakati huo, Edward Croker, alikuwa ameshaonya kwamba viwanda vya ghorofani vingekuja kuua watu wengi. Baada ya mkasa alijiuzulu, akafungua kampuni yake ya kinga ya moto.

Mwaka huohuo Bunge la Jimbo lilipitisha sheria iliyofahamika kwa majina ya wabunge Sullivan na Hoey. Kabla yake, mamlaka ya usalama wa moto yalikuwa yametawanyika katika ofisi kadhaa, kila moja ikisukumia nyingine. Sheria hiyo iliyakusanya mikononi mwa kamishna wa zimamoto na kuunda kitengo hiki kiyatekeleze. Sambamba nayo iliundwa Tume ya Uchunguzi wa Viwanda chini ya Robert Wagner na Alfred Smith. Mmoja wa wachunguzi wake alikuwa Frances Perkins, aliyeshuhudia kwa macho yake watu wakiruka Triangle, na ambaye mwaka 1933 aliteuliwa kuwa Waziri wa Kazi wa Marekani. Kutokana na kazi ya tume hiyo zilitungwa sheria zaidi ya 30, zikiwemo za mazoezi ya kutoka jengoni na za milango ya viwanda kutofungwa wakati wa kazi.

Majengo marefu

Tarehe 5 Agosti 1970 moto uliwaka katika jengo la One New York Plaza lenye ghorofa 50. Watu wawili walikufa baada ya lifti yao kusimama kwenye ghorofa iliyokuwa ikiungua. Vitufe vya kuitia lifti vilikuwa vya kugusa kwa joto la kidole, na joto la moto likaita lifti vivyo hivyo. Sheria ya Jiji Na. 5 ya mwaka 1973 ilifuata: lifti zirudi chini zenyewe king'ora kinapolia, na kila jengo refu la ofisi liwe na msimamizi wa usalama wa moto. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, sheria ya mwaka 2004 iliwapa wenye majengo ya ofisi yanayozidi futi 100 hadi Julai 2019 kuweka mifumo ya kunyunyizia maji jengo zima. Miaka 15 ni muda wa ukarimu.

Vyeti vya umahiri

Sehemu hii ya kazi haivutii waandishi wa habari, lakini ndiyo inayogusa watu wengi. Anayesimamia mfumo wa kunyunyizia maji, anayetumia tochi ya gesi juu ya paa, mlinzi wa moto wa jengo ambalo mifumo yake haifanyi kazi, wote hutakiwa kuwa na cheti chenye herufi na namba yake: S-12, G-60, F-01. Mwombaji husoma kijitabu kinachotolewa bure, hufanya mtihani wa kuchagua majibu na hufaulu kwa alama 70 kwa mia. Mwenye F-01 huwekwa jengoni mifumo inapoharibika au kuzimwa kwa matengenezo. Huzunguka eneo lake lote angalau mara moja kila saa, akiangalia njia za kutokea na kuandika daftari, kwa kuwa wakati huo yeye ndiye king'ora. Mkaguzi akija, jambo la kwanza ni kuomba cheti na daftari hilo.

Ukaguzi haukomi kwenye vyeti: jikoni mwa mikahawa, wakaguzi huchungulia ndani ya mifereji ya moshi juu ya majiko, ambamo mafuta ya kukaangia huganda na kuwa kuni.

Mapungufu na mikasa ya baadaye

Ukaguzi bila ufuatiliaji umeligharimu jiji hili mara kwa mara. Klabu ya Happy Land, wilaya ya Bronx, iliamriwa kufungwa mwaka 1988 kwa kukosa milango ya dharura, ving'ora na mfumo wa maji. Iliendelea kupiga muziki. Tarehe 25 Machi 1990, siku ileile ya Triangle miaka 79 baadaye, mtu aliyegombana na mwanamke aliyefanya kazi humo alimwaga petroli mlangoni na kuiwasha. Walikufa watu 87, wengi wao wahamiaji kutoka Honduras.

Agosti 2007 askari wawili wa zimamoto walikufa katika jengo la Deutsche Bank lililokuwa likibomolewa. Bomba wima la kupandishia maji lilikuwa limekatwa, na ukaguzi uliopaswa kufanywa kila siku 15 na kikosi cha zimamoto cha eneo hilo haukuwa umefanyika kwa zaidi ya mwaka.

Tarehe 9 Januari 2022 hita ya umeme iliwasha moto katika jengo la makazi la Twin Parks, Bronx. Moto haukuenda mbali, ila milango iliyopaswa kujifunga yenyewe ilibaki wazi na moshi ukajaza ngazi. Walikufa watu 17, wakiwemo watoto wanane. Familia nyingi za jengo hilo zilikuwa na asili ya Gambia. Milango ya aina hiyo katika nyumba za kupanga iko chini ya idara ya nyumba, kwa hiyo mgawanyo wa mamlaka uliolalamikiwa mwaka 1911 haujaisha wote.

Septemba 2024 machifu wawili wa zamani wa kitengo walikamatwa kwa kupokea hongo ya takriban dola 190,000 ili kuharakisha ukaguzi na idhini za miradi. Wote wawili walikiri makosa. Foleni ya ukaguzi ilikuwa ndefu kiasi cha kuwa bidhaa.

Hali ya sasa

Kanuni za Moto za Jiji ziliandikwa upya mwaka 2008 na kurekebishwa mwaka 2014 na 2022. Mzigo mpya ni betri za lithiamu za baiskeli za umeme zinazotumiwa na wasambazaji wa vyakula: mwaka 2023 zilisababisha mioto 268 na vifo 18. Tangu Septemba mwaka huo ni marufuku kuuza jijini betri ambazo hazijathibitishwa na maabara inayotambulika, na maduka ya baiskeli yameingizwa katika ratiba ya wakaguzi. Ofisi za kitengo, pamoja na chumba cha mitihani ya vyeti, ziko katika makao makuu ya FDNY, 9 MetroTech Center, Brooklyn.