Chama cha Wenye Mitaji: Toka Duka la Fiah Hadi Keko



Mhariri alinitaka niandike historia. Wengi mtatazamia habari za mabweni au za timu yetu ya mpira. Mimi nimechagua historia ya fedha, na sababu ni swali nililoulizwa na mwenzetu mmoja tuliyemaliza naye kidato cha nne, ambaye sasa ana karakana ya samani huko Keko, wilayani Temeke. Alikuwa amesikia redioni habari za chama cha wenye mifuko ya mitaji katika Afrika Mashariki. Akaniambia, "Wewe ni mtu wa serikali, ndugu yangu. Hicho chama chatufaa nini sisi huku?" Sikuwa na jibu la haraka, nami sipendi kuonekana sijui mbele ya mtu niliyekuwa nikimsaidia hesabu.

Tuanze mbali kidogo. Wakati wa Mwingereza kulikuwa na sheria, iliyotungwa mwaka 1923 na kukazwa mwaka 1931, iliyozuia Waafrika kukopeshwa. Asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bidhaa au fedha bila idhini ya maandishi ya ofisa wa serikali, hakuweza kumdai mahakamani. Watawala walisema wanawakinga wenyeji wasizame katika madeni. Lakini fikirini hali ya mwenye duka dogo la Dar es Salaam. Muuzaji wa jumla hawezi kumpa magunia ya sukari kwa mkopo, kwani akidhulumiwa hana pa kushitaki. Basi duka linabaki vile vile mwaka hata mwaka. Kwa maoni yangu, kinga ya namna hiyo yaweza kumfunga mtu kuliko deni lenyewe.

Katika hali hiyo akatokea Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na duka hapa mjini. Mwaka 1934 aliwakusanya wenye maduka Waafrika wakaunda chama cha biashara na ustawi. Mwaka 1937 akaanzisha gazeti la Kwetu, akilitumia kusema yale ambayo mtu mmoja mmoja asingethubutu kuyasema mbele ya Mkuu wa Wilaya. Chama chake hakikuwa na fedha nyingi, tena kilikuwa na magomvi yake. Jambo la kukumbuka ni hili: waliokutana pale walikuwa watu wasio na mtaji, nao walikutana kwa sababu hawakuwa nao.

Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, mabenki yalitaifishwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Tangu hapo mtaji mkubwa ulitoka serikalini. Mwaka 1973 likaja Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, ambalo liliwafikia mafundi wengi na lingali lipo. Mwaka 1991 sheria ilifungua tena mlango kwa mabenki ya watu binafsi, na mwaka 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza kuuza hisa, za kwanza zikiwa za kampuni ya gesi ya TOL.

Katikati ya mambo hayo, mwaka 1993, ulizaliwa hapa nchini mfuko wa aina ngeni, Tanzania Venture Capital Fund. Ninyi vijana sikilizeni, maana hapa ndipo wengi hupotea. Benki hukukopesha na kukudai riba, biashara iwe imestawi au imekufa. Mfuko wa namna hii haukukopeshi, bali hununua sehemu ya kampuni yako. Ukipata hasara, nao umepata hasara. Ukistawi, baada ya miaka kadhaa huuza hisa zake kwa faida na kuondoka. Waamerika walianza mapema. Mwaka 1957 mfuko mmoja wa Boston, ulioundwa mwaka 1946, uliweka dola 70,000 katika kampuni changa ya kompyuta iitwayo Digital Equipment, na hisa zile zikaja kuthaminiwa kwa mamia ya mamilioni. Wenye mifuko wa Marekani waliunda chama chao cha taifa mwaka 1973, na wa Uingereza mwaka 1983.

Kwetu chama hicho, kijulikanacho kwa herufi EAVCA, kiliundwa mwaka 2013, makao yake yakiwa Nairobi. Wanachama wake ni mameneja wa mifuko, pamoja na wanasheria na wahasibu wanaowahudumia. Chama hukusanya takwimu za mitaji iliyowekwa, hutoa mafunzo, na zaidi ya yote huzungumza na serikali zetu. Kazi hii ya mwisho naijua kwa kukaa upande wa pili wa meza. Mwekezaji mmoja akija ofisini kulalamikia kodi, ofisa hudhani anaomba upendeleo. Likija ombi la chama, hulazimika kulisoma.

Na mambo ya kuzungumza yapo. Kifungu cha 56 cha Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 husema kwamba umiliki wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya nusu, kampuni huhesabiwa kama imeuza mali zake, hata kama haikuuza hata kiti. Kwa mfuko ambao kazi yake ni kununua na kuuza hisa, hilo si dogo. Nchini Kenya mwaka 2015 mifuko ya pensheni iliruhusiwa kuweka hadi asilimia 10 ya mali zake katika mitaji ya aina hii. Kama kanuni za namna hiyo zinafaa au hazifai ni mjadala mrefu, na pensheni ya mtumishi si kitu cha kuchezea (nami nina yangu huko). Lakini mjadala huo hauanzi wenyewe. Lazima awepo mtu wa kuuanzisha, na mara nyingi ni chama.

Nilirudi Keko nikamweleza mwenzetu haya yote. Alisikiliza huku akipiga msasa mguu wa kitanda, kisha akauliza, "Hao waliokutana Nairobi, wamo mafundi?" Nikamwambia hapana, ni chama cha wenye fedha. Mifuko mingi hutafuta kampuni yenye vitabu vya hesabu vilivyokaguliwa na mauzo makubwa, naye hesabu zake zimo katika daftari la shule lenye picha ya twiga. Akasema, "Basi yule Mganda wako alituelewa zaidi." Sikumbishia.

Anahitaji mashine ya kukaushia mbao. Benki imetaka hati ya nyumba, naye amepanga. Kwa sasa yumo katika upatu wa mafundi kumi na wawili, kijumbe wao akiwa mama mwuza chakula hapo hapo karakana, na zamu yake ya kupokea ni mwezi wa tisa.