Juni ya Vumbi: Historia ya Michezo ya Sekondari Dodoma

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Juni iliingia Dodoma bila kelele zake. Mtama na uwele vilikuwa vimeshavunwa, upepo wa kipupwe unavuma, na viwanja vya shule vimekauka hadi vimekuwa vigumu kama sakafu. Kwa miaka mingi huo ndio wakati ambao malori yalipakia wanafunzi wa Kondoa, Mpwapwa na Kongwa kuwaleta mjini, wakiimba njia nzima mpaka koo linakauka. Safari hii malori hayakuja. Serikali ilikuwa imesimamisha mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo.

Waliokuwa sekondari wakati huo sasa ni watu wazima wenye watoto shuleni. Wengi wao walimaliza kidato cha nne bila kuvaa jezi ya wilaya hata siku moja. Kuna haja ya kueleza walikosa nini.

Kabla ya filimbi ya refa

Vijana wa uwanda wa kati hawakungoja shule ndipo wajue kushindana. Mchunga ng'ombe wa Kigogo alikimbia tangu alfajiri, akaruka makorongo, akapimana nguvu na wenzake malishoni. Baada ya mavuno zilikuja ngoma, na kijiji kilichocheza vizuri kilisifiwa mpaka vijiji vya mbali. Shule ilichokileta ni ratiba, mistari ya kiwanja na filimbi.

Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na baada ya hapo mji huu ukawa njia panda ya watu, mizigo na mitindo mipya ya maisha. Shule za bweni zilipoanzishwa, zilifuata desturi za Kiingereza: wanafunzi wakagawanywa kwa mabweni, kila bweni na jina lake, rangi yake na kombe la kugombea.

Lakini viwanja havikuwa vya wote. Wakati wa mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951, eneo hilo lilipata shule ya watoto wa Kizungu yenye michezo yake, katika nchi ambayo Wazungu, Waasia na Waafrika walisoma katika mifumo mitatu tofauti. Mifumo hiyo ilivunjwa rasmi Januari 1, 1962, wiki chache baada ya Uhuru. Tangu siku hiyo, angalau kisheria, mtoto wa mkulima wa Mvumi na mtoto wa karani wa reli waliweza kuvaa jezi ya shule moja.

Shule iliyobeba historia hiyo Dodoma ni ile iliyojengwa na makanisa ya Kiprotestanti na kujulikana kama Alliance. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 kuziweka shule za mashirika mikononi mwa serikali, ikaja kuitwa Mazengo, kwa heshima ya Mtemi Mazengo wa Wagogo. Wavulana wa Mazengo, wavulana wa Bihawana na wasichana wa Msalato: kwa vizazi kadhaa vya wana Dodoma, majina hayo hayakuwa ya madarasa tu. Yalikuwa majina ya timu.

Mchakamchaka

Mwaka 1967 ulibadilisha mambo mawili kwa pamoja. Machi mwaka huo Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iandae mtu wa kuishi na kufanya kazi na wenzake, si mtu wa kushinda mitihani peke yake. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha Baraza la Michezo la Taifa. Tangu hapo michezo ilihesabiwa kuwa kazi ya taifa.

Hapo ndipo mchakamchaka ulipopata nguvu. Jua halijachomoza, wanafunzi wamejipanga safu kwa safu, mmoja anaongoza wimbo na wengine wanaitikia, nyayo zikipiga ardhi kwa pamoja. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Juni baridi yake huuma. Kilomita mbili au tatu za mchakamchaka ziliwapasha vijana moto, zikawafundisha kupumua, na zikamwonyesha mwalimu wa michezo nani anabaki mbele wenzake wanapochoka.

Hali ya hewa nayo ilipanga msimu. Uwanda huu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili, na kwa mwaka mzima hupata milimita 600 hivi au pungufu. Miezi ya mvua ni ya jembe, na mechi za wakati huo ni za darasa kwa darasa, bweni kwa bweni. Mvua zikikatika, timu za shule huundwa. Mchujo unapanda ngazi kwa ngazi, kutoka shule hadi kata, wilaya na mkoa, na katikati ya mwaka, shule zinapofungwa, timu ya mkoa inaingia kambini kujiandaa na mashindano ya taifa.

Siku ya mechi

Siku ya mechi haianzi saa kumi jioni refa anapopuliza filimbi. Inaanza asubuhi, darasani, pale ambapo mwalimu wa hesabu anaona wazi kuwa nusu ya darasa macho yako dirishani. Mchana wanafunzi wa zamu wanachora mistari kwa majivu au chokaa. Nyavu zikikosekana, milingoti inatosha, na goli lenye utata litaamuliwa kwa kelele za mashabiki na uvumilivu wa refa.

Jezi ni seti moja, na iliyovaliwa na timu ya soka huenda ikavaliwa kesho na timu ya mpira wa mikono. Wenye njumu wanahesabika, wengine wanacheza peku. Kwenye netiboli wasichana wanafunga kamba za viatu mara mbili, kwa kuwa vumbi la Dodoma linateleza kuliko tope. Na pembeni kuna kundi ambalo halitagusa mpira siku nzima, lakini bila hilo mechi haijakamilika: wapiga ngoma, waongoza nyimbo, wapiga vigelegele. Wagogo wana muheme, ngoma ya wanawake, na mtoto aliyekulia kwenye sauti yake hahitaji kufundishwa namna ya kuamsha uwanja.

UMISSETA yenyewe imelitambua hilo. Pamoja na soka, netiboli, wavu, kikapu, mikono na riadha, mashindano yana kwaya na ngoma, na kundi la ngoma linauwakilisha mkoa wake kama timu nyingine yoyote. Mkoa uliomlea Hukwe Zawose, aliyeufikisha muziki wa Kigogo kwenye majukwaa ya dunia, hauna sababu ya kwenda huko kinyonge.

Mbio ndizo zilizoutangaza uwanda huu kuliko kitu kingine. Juma Ikangaa, aliyezaliwa Dodoma mwaka 1957, alipata medali ya fedha ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Brisbane mwaka 1982. Alishika nafasi ya pili Boston mara tatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na mwaka 1989 akashinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, muda bora kuliko wote uliokuwa umewahi kukimbiwa katika mbio hizo. Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu wa Singida, jirani yetu wa uwanda huuhuu, aliingia uwanjani Tokyo mwishoni mwa marathoni sambamba na Mjerumani Amanal Petros. Saa iliwaandikia wote wawili muda uleule, 2:09:48, na picha ya mstarini ndiyo iliyoamua. Simbu akaipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha.

Ukimya, kisha kurejea

Ndiyo maana usitishaji wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliuma. Mwalimu wa michezo alikosa mahali pa kumpeleka kijana mwenye kipaji. Makocha wa timu za taifa walikosa kapu la kuchagulia. Wala hoja ya kulinda masomo haikuwa na mashiko: mwanafunzi aliyenyimwa mpira saa kumi hashiki kitabu kwa sababu hiyo.

Michezo ilirejeshwa katika serikali ya awamu ya nne, baada ya Rais Jakaya Kikwete kuingia madarakani Desemba 2005. Malori yalirudi, na baadaye mabasi. Miaka ya karibuni fainali za taifa zimepita Mtwara, Tabora na Iringa, na washindi wameendelea hadi mashindano ya shule za Afrika Mashariki.

Ardhi ya kuchezea

Hatari ya leo haiji kwa tangazo. Inakuja polepole, na vigingi vya kupimia viwanja. Shule za kata zilizojengwa kwa kasi tangu mwaka 2004, na elimu bila ada hadi kidato cha nne iliyoanza mwaka 2016, zimeleta sekondari karibu na kila kijana, jambo la kushukuru. Lakini fedha na nguvu za wananchi zilikwenda kwanza kwenye madarasa, na kiwanja mara nyingi kilibaki eneo lisilo na mpaka nyuma ya shule. Dodoma nayo imekuwa jiji tangu Aprili 26, 2018. Ardhi imepanda bei, na eneo lisilo na mpaka halikosi mtu wa kulitamani.

Mazengo yenyewe inatufundisha. Tangu mwaka 2007 majengo na viwanja vyake ni vya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Chuo ni faida kwa mkoa, lakini sekondari iliyobeba jina la Mtemi ilitoweka pale, na timu yake ikaenda nayo.

Ofisi za TAMISEMI, Wizara ya Elimu na wizara yenye dhamana ya michezo zote ziko Dodoma. Viongozi wake hawahitaji kusafiri kuona ninachosema. Zipimeni ardhi za viwanja vya shule, wekeni mipaka, na hati zitoke kwa jina la shule, kuanzia hapa makao makuu. Na wewe mzazi, Juni ijayo ukisikia ngoma upande wa shule, nenda kasimame pembeni ya mstari wa majivu. Mtoto wako anakimbia, na anataka kukuona umekuja.