"Hiki Kimetoka Chooni": Historia Fupi ya Vifaa vya Kuokota na Mikono ya Watoto



Leo tunaandika juu ya kitu kidogo sana: kile kibomba cha katoni kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha.

Kila Jumamosi tunakusanya watoto wakimbizi wa mjini hapa Kigobe, kwenye ua tulioazimwa, mtaa huu huu ambao Bunge la Burundi linakutana. Watoto wengi wanatoka Kinama na Kamenge kwa mguu. Pesa ya kununua vifaa hatuna, kwa hiyo tunapita kwenye nyumba kuomba vile wanavyotupa: trei za mayai, vizibo, chupa, maboksi na vile vibomba. Mtoto anapaka rangi, anabandika, kinakuwa twiga au gari.

Siku moja mama mmoja alikuja kumchukua binti yake akakuta ameshika kibomba mdomoni, anakipuliza kama tarumbeta. Akamnyang'anya. "Hiki kimetoka chooni kwa watu," akasema. Sisi tukacheka kidogo. Tukamwambia, mama, hiyo ni karatasi tu. Jumamosi iliyofuata hakuja, na watoto wengine wanne wa kwao hawakuja.

Tulikosea kucheka. Tulipokwenda kumwomba msamaha alitukaribisha vizuri, akatueleza kwamba mwaka 1994 yeye alikuwa mtoto mdogo, Goma. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, kwa hiyo turudi nyuma kidogo.

Katikati ya Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi Wanyarwanda waliingia Goma kwa siku chache tu. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano, kuchimba choo ni kazi ngumu mno. Watu walikunywa maji ya Ziwa Kivu kama yalivyo. Kipindupindu kikalipuka, na nyuma yake kuhara damu. Waliofanya uchunguzi wakati ule walikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Mama huyu anasema nyumbani kwao watoto walikatazwa kugusa chochote cha kuokota: kikombe, sahani, hata mwanasesere. Aliyegusa alichapwa, halafu akaoshwa mikono kwa majivu. Sasa sisi tunamwambia "ni karatasi tu"! Na wala si mambo ya zamani peke yake. Mwanzoni mwa 2023 Wizara ya Afya ya Burundi ilitangaza tena mlipuko wa kipindupindu, na Bujumbura ilikuwamo.

Lakini upande wetu pia tuko na historia. Sisi wenyewe tulikua na vitu vya kuokota. Mpira tulifunga kwa masashe na kamba. Gari lilikuwa bidoni ya mafuta yenye magurudumu ya vizibo. Kopo la mafuta ya msaada lilikuwa ngoma asubuhi na lori jioni. Shuleni tulijifunza kuhesabu kwa vizibo vya soda. Bila takataka, wengi wetu tusingekuwa na mchezo.

Tulicheza pia na vitu vibaya. Kuna waliochezea bomba la sindano lililotupwa nyuma ya kituo cha afya, wakarushiana maji. Hatari ya sindano zilizotumika ilijulikana dunia nzima: mwaka 1999 WHO, UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja wakitaka chanjo zote zitolewe kwa sindano zinazojifunga baada ya matumizi ya mara moja, ifikapo mwisho wa 2003. Sindano ya namna hiyo haiwezi kuvuta dawa tena, lakini ncha yake bado inachoma. Kwa hiyo kusema "sisi tulicheza na hatukufa" si hoja. Waliougua hawako hapa kutuandikia.

Basi tukajiuliza: nani ana haki, mama au sisi? Tukasoma kidogo.

Mwaka 1883 daktari Mjerumani Robert Koch alikwenda Misri, kisha India, kuchunguza kipindupindu. Mwaka uliofuata alieleza kwamba kijidudu chake kinahitaji unyevu. Kikikauka, kinakufa haraka. Kwa hiyo kibomba kikavu cha katoni si njia kubwa ya kipindupindu. Njia kubwa ni maji, chakula na mikono. Hapo sisi tulikuwa na haki kidogo.

Ila mwaka 1885, huko Marekani, maabara ya Daniel Salmon ilieleza kijidudu kingine, ambacho baadaye kilipewa jina lake: salmonela. Hiki kinakaa kwenye matumbo ya kuku, kinatoka na mavi yao, na chenyewe kinavumilia ukavu kwa wiki nyingi. Sasa angalia trei ya mayai. Ina madoa ya mavi, pengine yai limepasukia ndani. Huwezi kuiosha, itaharibika. Ukiianika juani, bado huna uhakika. Kumbe tulikuwa tunabishana juu ya kibomba, na kitu cha kuogopa zaidi kilikuwa pembeni, mikononi mwa watoto wa miaka minne.

Somo jingine ni la 2020. Mwaka ule watafiti walipima virusi vya korona maabara: kwenye katoni havikuonekana tena vikiwa hai baada ya saa 24, kwenye plastiki vilifika hadi saa 72. Dunia nzima ikaanza kufuta maboksi. Hapa Burundi hatua kubwa ilikuwa rahisi zaidi: serikali, UNICEF na kiwanda cha Savonor walishusha bei ya sabuni ya bluu kwa nusu. Hakuna aliyeweza kusafisha kila kitu kilichoguswa, lakini mikono inaweza kunawa.

Na hapa kuna jambo lililotufurahisha. Huko Zimbabwe daktari Jim Watt alitengeneza kifaa cha kunawia mikono kwa kibuyu kinachoning'inizwa. Wazo likasambaa, kibuyu kikawa bidoni kuukuu: toboa tundu, ning'iniza, funga kamba na kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Mkono haugusi bidoni. Tanzania wanakiita kibuyu chirizi. Yaani takataka ileile tunayoiogopa ndiyo inayotuosha.

Sasa tumekubaliana hivi. Trei za mayai hatupokei tena. Vibomba vya chooni pia tumeacha. Hatari yake ni ndogo, lakini mama hapaswi kuombwa amkabidhi mtoto wake kitu kinachomdhalilisha. Vibomba vya karatasi ya jikoni tunapokea. Chupa na vizibo tunaosha kwa sabuni, tunaanika juani. Bidoni iliyobeba dawa ya shambani au oili ya gari haiingii hata ikioshwa mara kumi. Kopo lenye kutu au ncha kali, hapana. Bidoni ya kunawia imening'inia mlangoni: mtoto ananawa akiingia, ananawa akitoka, na kabla ya kula.

Mama amerudi. Hakusema ametusamehe. Alikuja na majani makavu ya migomba na vigunzi vya mahindi, akakaa chini, akawaonyesha watoto kufunga mwanasesere kama alivyofundishwa na bibi yake. Hatukuwa tumefikiria hilo hata siku moja.

Wafanyakazi wa misaada, tunawaomba kitu kimoja. Mnapotuletea mafunzo ya kutengeneza michezo kwa vifaa vya bure, mjue kwamba si vya bure. Vinahitaji sabuni, maji na mtu wa kuvichagua. Wekeni sabuni kwenye bajeti kabla ya gundi. Na vijana wenzetu, mzazi akikataa kitu, msicheke. Muulizeni kwanza alikuwa wapi.