Divisheni Iliyokataa Jina la Utani

Divisheni za vifaru za Marekani zilipenda kujipa majina ya kutisha. Ya 2, kwa mfano, ilijiita Jehanamu juu ya Magurudumu. Divisheni ya 4 haikutaka. Iliundwa Aprili 1941 huko Pine Camp, jimbo la New York, na kamanda wake tangu 1942, Meja Jenerali John S. Wood, alishikilia kwamba askari wake wajulikane kwa matendo yao basi.

Wood aliwafundisha kwenda mbio, kumzunguka adui na kumpiga ubavuni. Julai 1944 walishuka Normandy, na kabla ya mwezi kwisha walikuwa wameingia Avranches. Hapo wakaamriwa kuelekea Brittany, magharibi, ilhali vita vyenyewe vilikuwa vikihamia mashariki. Wood alibisha waziwazi, na matukio yaliyofuata yalimpa haki.

Wengi huikumbuka divisheni hii kwa Bastogne. Mtihani wake mgumu zaidi, hata hivyo, ulikuwa Arracourt, mkoani Lorraine, mwishoni mwa Septemba 1944. Wajerumani walileta vifaru vipya vya Panther, ambavyo ana kwa ana viliizidi Sherman, kifaru cha Wamarekani, kwa unene wa chuma na nguvu ya mzinga. Lakini ukungu uliwanyima faida ya kulenga kutoka mbali, na askari wao wengi hawakuwa wamefunzwa vya kutosha. Batalioni ya 37 ya Luteni Kanali Creighton Abrams iliwavizia kutoka pembeni, ikapiga, ikahama, ikapiga tena. Angani alikuwapo Charles Carpenter, mwalimu wa historia aliyefunga bazuka kwenye kindege chake cha upelelezi akaenda kuwinda vifaru. Masomo ya chuo cha kijeshi hayakuwa na mbinu kama hiyo.

Desemba 3 Wood aliondolewa. Ilielezwa kwamba alikuwa amechoka. Ni kweli pia kwamba hakuelewana na mkuu wake, Manton Eddy. Nafasi yake ilichukuliwa na Hugh Gaffey, kwa hiyo aliyeisuka divisheni hakuwapo siku ya sifa kubwa.

Siku hiyo ilikuwa Desemba 26. Askari wa miavuli wa Divisheni ya 101 walikuwa wamezingirwa Bastogne, Ubelgiji, katika baridi kali. Abrams aliamua kupenya kupitia kijiji cha Assenois, na jioni kifaru cha Luteni Charles Boggess, Cobra King, kikawafikia waliozingirwa.

Si kila safari ilikuwa ya heshima. Machi 1945 Jenerali Patton, kamanda wa jeshi lililoisimamia divisheni, alituma askari wapatao 300 wa divisheni hiyo nyuma ya mistari ya Wajerumani, hadi kambi ya wafungwa ya Hammelburg, alikokuwa mkwewe John Waters. Karibu wote waliuawa au kutekwa. Patton alikana kwamba alijua Waters yuko humo. Ni vigumu kumwamini.

Aprili 4 divisheni, pamoja na ya 89 ya askari wa miguu, iliingia Ohrdruf, kambi ya kwanza ya mateso ya Wanazi kukombolewa na Wamarekani. Jenerali Eisenhower, kamanda mkuu wa majeshi ya Washirika, alifika tarehe 12 kujionea maiti, akataka waandishi wa habari na wabunge waletwe nao waone.

Vita vilipokwisha Mei, divisheni ilikuwa Chekoslovakia. Ilivunjwa 1971. Mwaka uliofuata Abrams akawa mkuu wa majeshi ya nchi kavu ya Marekani, na kifaru cha M1 baadaye kikapewa jina lake.