Goitein na Barua za Wafanyabiashara

Mwaka 1132, mjini Mangalore, pwani ya India, Myahudi mmoja mzaliwa wa Mahdia, Tunisia, alimwacha huru mjakazi wake. Yeye aliitwa Abraham Ben Yiju, mjakazi ni Ashu, na hati ya uhuru huo ipo hadi leo. Tunaijua habari hii kwa sababu Wayahudi wa Fustat, Misri, hawakuthubutu kutupa karatasi ambayo huenda ina jina la Mungu. Zilizochakaa walizirundika katika ghala ya sinagogi lao, Ben Ezra, karne baada ya karne.

Solomon Schechter alizihamishia nyingi Cambridge mwaka 1897. Wanazuoni wakazivamia, lakini walichosaka hasa ni maandiko ya dini na mashairi. Ankara na barua za madeni zikasubiri.

Shelomo Dov Goitein ndiye aliyezipa heshima. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1900, akasomea Frankfurt, na tasnifu yake ilihusu sala katika Uislamu. Mwaka 1923 alihamia Palestina, akafundisha shule ya sekondari Haifa, kisha Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem. Miaka kumi, 1938 hadi 1948, alikuwa mkaguzi wa elimu. Wengine wangeiona kazi hiyo kuwa ya kupoteza muda. Mimi naona mtu aliyezoea kukagua shule hashangazwi na daftari la mapato na matumizi.

Zaidi ya hapo, alikaa na Wayahudi kutoka Yemen, akawasikiliza wakizungumza, na mwaka 1934 akachapisha mkusanyo wa methali zao. Barua za Fustat nyingi ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tena Kiarabu cha sokoni. Aliyekijua cha vitabuni tu angekwama.

Na humo mna mambo! Kutoka Aden, Ben Yiju alipelekewa vyombo vya shaba vilivyovunjika ili karakana yake ivifue upya. Alipelekewa pia sukari, zabibu, na karatasi ya kuandikia, maana huko Malabar, pwani hiyo ya India, haikupatikana. Barua nyingine inaeleza jinsi mtawala wa kisiwa cha Kish alivyoishambulia Aden mwaka 1135, na merikebu mbili za tajiri Ramisht zikafika kuuokoa mji.

Goitein alianza na kitabu cha biashara ya India, akakiweka kando: aliona wafanyabiashara hawa hawaeleweki bila kwanza kuyajua maisha ya kwao, Misri na Mediterania. Akahamia Marekani mwaka 1957, na juzuu ya kwanza ya kitabu chake kuhusu maisha hayo, *A Mediterranean Society*, ikatoka 1967. Alifariki 1985, juzuu ya tano ikiwa bado haijachapishwa.

Kile cha India kilitoka 2008, kimekamilishwa na mwanafunzi wake Mordechai Friedman. Msomaji wa pwani yetu aanze na hicho, kwa kuwa merikebu zake zilisafiri kwa kusi na kaskazi zilezile za majahazi yetu.