Upimaji wa tija ya TEHAMA

Upimaji wa tija ya TEHAMA (teknolojia ya habari na mawasiliano) ni tathmini ya jinsi fedha zilizowekwa katika kompyuta, programu na mitandao zinavyobadili mauzo, gharama na faida ya biashara. Mwaka 1987 mwanauchumi Mmarekani Robert Solow alisema kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa katika takwimu za tija, kauli iliyochochea utafiti mwingi. Kwa mfano, mjini Kitengela, Kaunti ya Kajiado nchini Kenya, kwenye barabara ya Nairobi–Namanga, ugumu mkubwa wa upimaji huu ni kutenganisha sababu: duka linalopokea malipo kwa M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu iliyozinduliwa 2007, huenda limekua kwa kuwa mji wenyewe umepanuka. Kwa hiyo kulinganisha mauzo ya kabla na ya baada hakutoshi; huhitajika maduka yanayofanana nalo yasiyotumia huduma hiyo. Ada za miamala na mafunzo ya wahudumu, ambayo husahaulika kwa urahisi, huhesabiwa pia katika gharama.